Gari Halina Sikio

Watu wa Mlandizi walikuwa na hodi yao maalumu kwenye duka la Pazi Mwinjuma. Hawakugonga wala hawakusalimu kwanza, ingawa wazazi wao waliwafundisha adabu. Walisimama mlangoni, redio imeviringishwa kwenye khanga kama mtoto mchanga, wakauliza, "Fundi yupo?"

Na Mwanakheri, mke wa Pazi, ambaye alikuwa amekaa palepale mezani, chuma cha kulehemu mkononi na moshi wa risasi ukimpanda puani, alijibu kwa upole, "Yupo, anaswali. Weka hapo, uje kesho."

Pazi aliswali sana miaka ile, kwa hesabu ya wateja. Ukweli ni kwamba alikuwa amekaa uani kwenye kigoda, macho yake yameingia ukungu, anasikiliza. Redio ikiwashwa mezani, yeye kule uani alikuwa akisema, "Hiyo inakwaruza, angalia kule kwenye spika," au, "Hiyo imekufa upande wa kushoto wa ubao." Mke alikuwa macho na mikono, mume alikuwa masikio. Redio zilipona na sifa zikaenda uani.

Mwanakheri alizaliwa Marui, Kisarawe ya vijijini, kwenye mihogo na mikorosho, akaolewa Mlandizi mwaka wa Uhuru. Hakuwahi kuona ndani ya redio kabla ya hapo. Pazi alimwita mezani wiki ya pili ya ndoa amsomee rangi za rezista, vile vijidude vidogo kama punje ya mahindi vinavyozuia umeme usipite wote. Kila kimoja kimevishwa pete za rangi, na kila rangi ni namba. "Kahawia, nyeusi, nyekundu," alisoma bibi harusi, hina bado mikononi. Akapenda. Tangu siku hiyo hakuondoka mezani ila kwa kupika na kwa kulala. Hawakujaliwa mtoto, basi wakalea redio za watu.

Mwanzoni mwa mwaka sabini na moja Pazi akafariki. Mwanakheri akakaa eda, miezi minne na siku kumi, mlango wa duka umefungwa. Shehe akamaliza mambo ya mirathi, kila mtu akapata haki yake. Likabaki jambo moja tu ambalo hakuna aliyetaka kuligusa: sanduku la vyombo. Ndani yake mlikuwa na vyuma viwili vya kulehemu vya kupasha kwenye jiko la mkaa, koleo, bisibisi, makopo ya vipuri, na mita ya kupimia umeme ambayo kwa siku zile hukuipata hata ukiitafuta Dar es Salaam nzima. Ufunguo wa sanduku ulikuwa umefungwa fundo kwenye pindo la khanga ya Bi Biasha, mama yake Pazi, na Bi Biasha alilala nao na kuoga nao.

Aliyelitaka sanduku alikuwa Isihaka, mdogo wake Pazi. Naye alikuwa fundi redio, kibarua kwenye karakana ya mtu pale Kisarawe mjini, amechoka kushika vyombo vya kuazima. Alikuja kwa lori la mkaa, na suruali ya bugaluu inayofagia njia, na maneno mengi. Si mtu mbaya. Angekuwa mbaya kazi ingekuwa rahisi, maana ungemchukia ukamaliza. Lakini Isihaka alikuwa mchangamfu, mkono mwepesi, na hoja yake ilikuwa na miguu: vyombo vya fundi viende kwa fundi, mjane arudi kwao Marui akapumzike.

Kupumzika kwa jembe, Mwanakheri aliwaza. Angesemaje? Akisema, "Redio za miaka mitatu iliyopita nilitengeneza mimi," angekuwa anamvua marehemu nguo mbele ya watu. Na bila sanduku hana kazi, na bila kazi hana sababu ya kubaki Mlandizi. Siku ya tatu tangu Isihaka afike walikuwa mlangoni, shemeji na shemeji, wanabishana kwa heshima zote, pale gari la Kibaha liliposimama.

Akateremka Nikolaus, dereva wa kituo cha elimu, Mnyamwezi wa Tabora, mwenye funguo za ukumbi wa burudani wa wafanyakazi. Mkononi alikuwa na boksi la biskuti.

"Fundi yupo?"

"Yupo," wakajibu wote wawili.

Nikolaus akawatazama mmoja baada ya mwingine, kisha akacheka mpaka akaweka boksi chini. "Wazaramo, watani zangu. Mkipata ngoma mnaicheza pamoja, mkipata kazi mnaigombea. Nani kafa hapa akaacha mafundi wawili?"

Mtu mwingine angesema hivyo nyumba ya msiba angefukuzwa. Lakini mtani ni mtani, kinywa chake kina ruhusa tangu enzi za mababu, na Mwanakheri, aliyekuwa hajacheka tangu kuzika, akajikuta anajibu, "Na ninyi mlibeba mizigo kutoka Tabora mpaka pwani, akili mkaisahau kambini. Toa ulichonacho."

Ndani ya boksi mlikuwa na vishikio viwili vya plastiki vilivyoungua, na kigari kidogo kinachokaa kiganjani. Nikolaus akaeleza. Mhandisi mmoja Mdenishi, wakati wa kurudi kwao, aliwaachia wafanyakazi mchezo wa watoto wake. Ni njia nyeusi ya vipande vipande, ukiviunganisha inazunguka na kujikunja mpaka inajaza meza mbili. Njia ina mifereji miwili myembamba, mmoja kwa kila gari, na kando ya kila mfereji ukanda wa chuma unaopitisha umeme. Kigari kina ulimi unaoingia mferejini. Hakuna usukani; mchezaji ana kishikio tu mkononi. Ukibana, kigari kinakimbia, ukiachia, kinasimama, ukibana sana kwenye kona, kinaruka kinakwenda zake.

"Mchezo wa watoto," alisema Isihaka.

"Ndivyo tulivyosema sote," alijibu Nikolaus. "Sasa mwalimu wa hesabu hasemi na tabibu kwa sababu ya kona ya tatu. Watu wazima wenye ndevu. Vishikio vimeungua wiki mbili sasa na ukumbi umekuwa kama matanga."

Wakati huo Bi Biasha alikuwa amejitokeza mlangoni. Shikamoo zikamwendea kutoka pande tatu, akaziitikia zote kwa marahaba moja. Akavitazama vishikio, akamtazama mwanawe, akamtazama mkwewe.

"Viko viwili," alisema.

"Viwili, bibi."

"Na mafundi wawili."

Nikolaus, utani umemkolea, ndiye aliyelitoa: kila mmoja atengeneze kimoja, Jumamosi waje Kibaha, wayashindanishe magari wao wenyewe. Mwenye kishikio bora achukue sanduku. Isihaka akakubali kabla sentensi haijaisha. Mwanakheri akamtazama mama mkwe wake, maana neno la mtani linachekwa tu mpaka mkubwa wa nyumba aliseme na yeye.

"Vyombo vya kazi ni vya mwenye kazi," alisema Bi Biasha. "Jumamosi. Atakayeshindwa asiniletee maneno." Akafungua fundo, akafungua sanduku, akatoa mita, chuma kimoja, bisibisi na makopo ya vipuri, akalifunga tena. "Asubuhi meza ni ya Mwanakheri. Baada ya adhuhuri ni ya Isihaka. Atakayempita mwenziwe muda nitamchapa na mwiko."

Mwanakheri alifungua kishikio kilichoungua akakuta ndani hamna siri yoyote, ila waya mwembamba uliosokotwa. Ukitaka kigari kiende pole, waya unameza umeme unaobaki na kuugeuza moto. Watu wa Kibaha walikuwa wakibana nusunusu saa nzima, usingeungua vipi? Kuweka waya mwingine ni kungoja moto mwingine.

Alikaa asubuhi nzima hajagusa kitu. Kisha akaenda kwenye kopo la vipuri akatoa transista kubwa ya chuma, aliyoivua kwenye redio ya lori lililopinduka. Transista ni kama bomba la maji: kidole kinafungua kidogo tu, lakini maji yanayotoka ni ya tangi zima. Kidole kisibebe umeme, kidole kiamuru. Akaifunga kwa skrubu kwenye kipande cha kifuniko cha sufuria ili joto lipate pa kukimbilia. Ya kuamuru akachukua volyumu ya redio. Akatafuta mkono wa breki ya baiskeli, akaufunga kwenye kipande cha mti, akaunganisha na volyumu kwa uzi ule unaosogeza mshale wa stesheni, na springi ya mtego wa panya ya kuurudisha. Ukibana breki, uzi unavuta, volyumu inazunguka. Ukiachia, inarudi. Alipomaliza aliutazama mtambo wake akaona haya kidogo, kwa jinsi alivyoupenda.

Siku ya tatu akajaribu. Aliunganisha betri nane za tochi, akaweka vipande viwili vya njia alivyoletewa na Nikolaus kwenye meza, kigari juu yake. Akabana kidogo. Kimya. Akabana mpaka nusu. Kimya. Akabana unywele mmoja zaidi. Kigari kikaondoka kama kilichoitwa, kikamaliza njia, kikamaliza meza, kikapita mlango wa uani na kutua kwenye chungu cha kisamvu, mbele ya Bi Biasha aliyekuwa anasonga bada, ugali wa muhogo.

Bi Biasha akakitoa kwa mwiko, akakitazama. "Mwanangu, hiki bado hakijaiva."

Mwanakheri alibadilisha volyumu. Ya pili ikafanya vilevile. Ya tatu vilevile. Akaleta mita, akaizungusha moja polepole huku anasoma, na mita ikamwambia jambo ambalo kwa miaka kumi ya kuzifunga na kuzifungua hakuwahi kuliuliza: nusu ya kwanza ya mzunguko karibu haiongezi kitu, kisha nusu ya pili inamwaga yote.

Ndipo aliposikia sauti ya Pazi, siku moja ya mvua, kule uani. "Sikio halihesabu kama mita, Mwanakheri. Ukitaka lione sauti imepanda hatua moja, lazima uongeze maradufu." Alidhani siku ile ni maneno ya mtu aliyekaa gizani akazidiwa na mawazo. Kumbe alikuwa anafundisha. Wenye kutengeneza redio wanaijua tabia ya sikio, basi volyumu wakaikata kwa kipimo chake. Lakini gari halina sikio. Mwanakheri alicheka peke yake, kisha akalia, kisha akacheka tena huku anapenga kamasi kwenye upande wa khanga.

Akapekua makopo mpaka akapata toni ya redio moja kuukuu, ile inayobadilisha besi. Akaipima. Kila robo ya mzunguko ikaongeza kiasi kilekile, sawasawa kama vidato vya ngazi. Akaifunga. Kigari kikatambaa kama konokono, kikatembea, kikakimbia, kikarudi kutambaa, kila kidole kilipotaka.

Adhuhuri Isihaka akaja kushika zamu. Na kwa haki lazima isemwe kwamba naye alikuwa fundi. Alikuwa amefikia transista kwa akili yake mwenyewe, na lehemu zake zilikuwa safi kuliko za Mwanakheri. Lakini Mwanakheri aliona juu ya mtambo wake kile kifundo cheusi cha volyumu, na moyo wake ukagawanyika vipande viwili. Akinyamaza, sanduku ni lake. Akakunja kitambaa cha meza. Kisha akaona hataweza kukishika chuma kile kila siku akijua alikipataje.

"Shemeji, usitumie volyumu. Itakuangusha."

Isihaka akatabasamu. "Shemeji, hujanishinda bado, umeanza kunitisha? Mimi nimejifunza kazi Dar."

"Ipime kwa mita."

"Nimeipima kwa macho. Hebu ona." Akabana, na kigari kikaruka nje ya meza. Alikidaka hewani, macho yanang'aa. "Umeona nguvu hiyo?"

Alimwambia na keshoye, naye akajibu vilevile. Baada ya hapo Mwanakheri aliona deni la ushemeji amelilipa.

Jumamosi mchana ukumbi wa Kibaha ulijaa mpaka madirishani. Walikuja wauguzi na nguo zao nyeupe, wapishi, walimu, mafundi bustani. Mwalimu wa hesabu alikaa upande mmoja na tabibu upande mwingine. Bi Biasha alipewa kiti cha mbele, khanga mpya, mkono umeshika pindo lenye fundo. Nikolaus akatangaza mizunguko ishirini. Kigari kikitoka nje, yeye atakirudisha, "kwa mwendo wa Mnyamwezi aliyebeba pembe mbili za ndovu, msinihimize."

Isihaka alikuwa na gari jekundu, Mwanakheri la kijani. Watu walipouona ule mkono wa breki ya baiskeli walicheka, naye akacheka nao.

Filimbi ikalia. Jekundu likasimama, likasimama, kisha likapotea. Lilionekana tena kwenye kona ya pili likiwa angani. Nikolaus akaliokota kwenye mapaja ya muuguzi, akalirudisha kwa mwendo alioahidi. Mzunguko wa pili likatoka tena, na wa tatu. Kijani lilikuwa linakwenda bila haraka, linapunguza kabla ya kona, linaongeza baada ya kona. Mwanakheri hakuwa anaendesha gari. Mkono wake ulikuwa unatafuta stesheni ya mbali, kama alivyomtafutia Pazi usiku wa taarifa ya habari, ukijua kwamba ukipitiliza unywele mmoja umeipoteza.

Lakini nilisema Isihaka ni fundi. Kwenye mzunguko wa nane akakijua kishikio chake. Akajua pale kimya kinapoishia, akakishikilia ukingoni mwa kimya hicho kwa ncha ya kidole, jasho linamtiririka. Jekundu likaacha kutoka. Na kwenye njia zilizonyooka hakuna kilicholifikia. Mizunguko mitatu liliyokuwa limeachwa nyuma ikawa miwili, ikawa mmoja. Mzunguko wa kumi na tisa yalikuwa pamoja, ukumbi umesimama, mwalimu wa hesabu amemshika tabibu mkono na hakuna kati yao aliyegundua.

Mzunguko wa mwisho, jekundu likatangulia. Mwanakheri aliona mkia wake. Kila kitu mwilini mwake kilimwambia abane. Akaisikia redio inayokwaruza kwa kupitilizwa. Hakubana. Kwenye kona ya tatu Isihaka alihitaji kupunguza kidogo tu, na volyumu haikuwa na kidogo: alipolegeza kidole gari likafa kabisa, akashtuka akabana, na jekundu likaruka juu ya meza, juu ya kichwa cha Nikolaus, likatoka dirishani. Kijani likapita kona, likatambaa kama halina habari, likamaliza.

Kelele za watu zilisikika mpaka barabara kuu. Isihaka alibaki ameshika kishikio chake. Akakitazama, akazungusha kile kifundo cheusi mbele, nyuma, mbele, polepole, na uso wake ukaanza kufunguka.

"Ni ya sikio," alisema.

"Ni ya sikio, shemeji."

Isihaka akacheka, akacheka mpaka akakaa chini kwenye sakafu na bugaluu yake yote. Bi Biasha akainuka. Akafungua fundo mbele ya watu wote, taratibu, kwa meno na vidole, maana alikuwa amelikaza sana. Akamwekea Mwanakheri ufunguo kiganjani, akamvuta karibu.

"Mwanangu Pazi miaka mitatu alikuwa haoni hata kijiko," alimnong'oneza. "Mimi ndiye niliyemzaa. Ulidhani sijui redio zilikuwa zinaponaje?"

Mwanakheri akaufumba ufunguo kiganjani. "Mama, kwa nini hukusema?"

"Ningesema mimi, wangesema mkwe kanilisha limbwata. Sasa wameona kwa macho yao, na mwanangu amebaki na heshima yake."

Jumatatu mlango wa duka ulikuwa wazi. Isihaka alikuwa bado hajarudi Kisarawe. Alikuwa amekaa mlangoni kwenye kigoda cha marehemu, kishikio chake mapajani, anangoja. Akaja mkulima mmoja kutoka upande wa Ruvu, redio imeviringishwa kwenye khanga, akamwona mwanamume yule aliyevaa vizuri mlangoni.

"Fundi yupo?"

"Yupo," alisema Isihaka, akamsogezea nafasi. "Kaa foleni. Anaanza na changu."